Randa Darasani

Mwaka 1922, juu ya kilima kimoja cha Kampala, vijana 14 waliandikishwa katika chuo kipya cha serikali ya kikoloni ya Uganda. Walikuwa wanafunzi wa kutwa, na masomo yao yalikuwa useremala, ujenzi na umakanika. Kilima hicho ni Makerere. Wengi wanaolitaja jina hilo leo wanafikiria majoho, maktaba na marais waliopita pale. Wachache wanajua kwamba wa kwanza kuingia waliingia kushika randa na msumeno. Haikuchukua muda, chuo kikaanza kupokea vijana wa uganga, ualimu na kazi za ofisini, na mafundi wakatengewa shule yao ndogo pembeni, ambayo baadaye ilihamishiwa Kyambogo. Kwenye kilima wakabaki wenye vitabu.

Ukishaijua habari hiyo ya Makerere, sehemu kubwa ya historia ya ufundi katika shule za Afrika Mashariki haitakushangaza. Karakana hufunguliwa kwa hotuba, hukaa miaka michache, kisha husogezwa pembeni, halafu kizazi kinachofuata huirudisha kwa jina jipya kana kwamba haijawahi kuwapo. Majina yamekuwa mengi: elimu ya kujitegemea, mchepuo wa ufundi, stadi za kazi, na sasa amali.

Kabla ya yote hayo ufundi ulikuwa na shule yake isiyo na ubao. Katika miji ya pwani, toka Lamu na Siyu hadi Unguja na Kilwa, kijana alipelekwa kwa fundi akawa mwanagenzi. Miezi ya mwanzo alifagia maranda, akachota maji, akashikilia ncha ya kamba fundi anapopiga mstari. Hakuna aliyemweleza kitu, alitazama. Baadaye akapewa tezo achonge ubao usio na thamani kubwa, ukiharibika si hasara. Kwenye jahazi alianza na kutia kalafati, kusukumiza pamba kwenye nafasi za mbao hadi maji yasipate njia, kabla hajaruhusiwa kugusa mbao za taruma. Vipimo vilikuwa mwilini mwake mwenyewe, shubiri na dhiraa. Siku fundi aliporidhika, mwanagenzi alitoa kilemba, ada ya kuhitimu, na tangu hapo alikuwa na ruhusa ya kuitwa fundi mbele za watu. Cheti hakikuwapo. Mlango uliochongwa ukapachikwa barabarani ndio uliomshuhudia, na ukiwa mbovu kila mpita njia aliuona.

Wamisionari walipokuja na shule za maandishi waliichukua kazi hii wakaibadilisha kusudi. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliotangulia Unguja, walihamia Bagamoyo mwaka 1868, na watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa sala, kusoma, kilimo, useremala na uhunzi. Waanglikana wa CMS walifanya mfano wa hayo Freretown, karibu na Mombasa, kuanzia 1875. Misheni ilihitaji paa, madawati na vitanda; mafundi waliotakiwa kuvitengeneza walikuwa pale pale, nao hawakuwa na ukoo wa kuwadai. Tusiwadhulumu mapadri, wengi waliamini kwa dhati kwamba kazi ya mikono hulea roho. Lakini hapo ndipo ufundi ulipoanza kupewa mtu asiye na chaguo jingine, na doa hilo halijatoka kirahisi.

Wazo lililokuja kutawala sera za kikoloni halikuzaliwa Afrika wala Ulaya. Mwaka 1868, mwaka ule ule wa Bagamoyo, Samuel Chapman Armstrong alifungua shule ya Hampton katika jimbo la Virginia, Marekani, kwa ajili ya Weusi waliotoka utumwani. Armstrong alizaliwa Hawaii, mtoto wa mmisionari, na kule aliona shule ambazo wenyeji walifundishwa dini na kazi za mikono pamoja. Mwanafunzi wake mashuhuri, Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa, alifungua shule yake Tuskegee, Alabama, mwaka 1881.

Washington alisimulia habari za Tuskegee katika kitabu chake Up from Slavery cha mwaka 1901, na kisa cha matofali ndicho kinachostahili kusomwa polepole. Shule ilihitaji jengo, na mji ule haukuwa na tanuri la matofali. Wanafunzi wakashushwa shimoni kukanda udongo, tope hadi magotini, na wengi walichukia. Wao walikuja kutafuta vitabu, na baadhi yao waliondoka. Walifyatua matofali kama 25,000, wakayapanga tanuri, wakachoma. Yakaharibika. Wakapanga tanuri la pili, nalo likashindikana. Tanuri lilihitaji karibu wiki nzima ya moto; la tatu lilielekea kuiva vizuri, lakini siku za mwisho, usiku wa manane, likaporomoka. Fedha zilikuwa zimekwisha. Washington akachukua saa yake ya mfukoni, akaenda nayo Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15, akarudi kujenga tanuri la nne. Hilo likaiva. Saa hakuikomboa tena, ila miaka iliyofuata Wazungu wa jirani ambao hawakuipenda shule hiyo walikuja wenyewe kununua matofali yake.

Mwalimu aliyekubali matanuri matatu yaharibike mkononi mwa wanafunzi wake alikuwa na subira ambayo ratiba zetu hazijawahi kuiruhusu. Lakini msomi mwenzake, W. E. B. Du Bois, aliuliza swali ambalo Washington hakulijibu vya kutosha: ukiwafundisha watu Weusi wote kufyatua matofali, nani atakaa kwenye meza inapoamuliwa bei ya matofali, kura na sheria? Mabishano yao yaligawa Weusi wa Marekani kwa miongo, na mwaka 1924 yalipanda meli kuja kwetu.

Mwaka huo Tume ya Phelps-Stokes, iliyokuwa imekwishazuru Afrika ya Magharibi na ya Kusini, ilifika Afrika Mashariki. Mwenyekiti wake, Thomas Jesse Jones, aliwahi kufanya kazi Hampton na aliamini kwamba alichokiona kule kingefaa Kenya, Uganda na Tanganyika. Alifuatana naye James Aggrey wa Gold Coast, ambaye hotuba zake zilisisimua wasikilizaji kila alikopita. Hata waliopinga ripoti ya tume walimpenda yeye. Ripoti ilitoka mwaka 1925 ikishauri elimu inayolingana na maisha ya kijijini: kilimo, afya, ufundi wa nyumbani, ujenzi. Mwaka huo huo London ilitoa waraka wake wa sera uliosikika kwa sauti hiyo hiyo. Kabete, nje ya Nairobi, ikafunguliwa shule ya Jeanes ya kuwafunza walimu wa vijijini, jina lake likitokana na Anna Jeanes, mama tajiri wa Philadelphia aliyeacha fedha kwa ajili ya shule za Weusi wa kusini mwa Marekani. Hapo hapo Kabete palikuwa na chuo cha serikali cha mafundi.

Chuo hicho cha mafundi kilikuwa na sababu ambayo haikuandikwa sana kwenye waraka wa London. Kenya ya walowezi ilitegemea mafundi wa Kihindi kwa useremala, uashi na mitambo, na walowezi hawakutaka kuwalipa walichodai. Fundi Mwafrika angefanya kazi ile ile kwa ujira mdogo zaidi. Kijana wa Kiambu au Maragoli aliyefundishwa kuunganisha fremu ya dirisha kwa ustadi sawa na jirani yake Mhindi alijua siku ya mshahara kwamba kilichopimwa hakikuwa ustadi. Na karani, ambaye hakutoka jasho, alipata heshima, kivuli na nafasi ya kusoma barua za bwana mkubwa kabla ya wengine.

Basi wazazi walihesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi. Wakikuyu walipoanzisha shule zao huru, hasa baada ya mgogoro wa mwaka 1929 na misheni kuhusu tohara ya wasichana, walidai Kiingereza na vitabu. Kilele cha mapambano hayo kilikuwa Chuo cha Ualimu Githunguri, kilichofunguliwa mwaka 1939 na Peter Mbiyu Koinange. Huyu Koinange alipoondoka Kenya mwaka 1927 kwenda kusoma Marekani, alipelekwa Hampton, chemchemi yenyewe ya elimu ya mikono. Akapita pale, akaendelea hadi Columbia, akarudi na kusaidia wazee kujenga mahali ambapo watoto wao wangepata elimu ile ile ambayo tume ilisema haiwafai. Serikali ilipoifunga Githunguri mwaka 1952 wakati wa Hali ya Hatari, haikuwa kwa sababu ya useremala.

Tanganyika ilisubiri zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walitaka mafundi kwa miradi yao ya maendeleo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule ya ufundi ikafunguliwa Ifunda, Iringa, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita. Moshi ikafuata mwaka 1957. Baada ya Uhuru shule hizi zikawa sekondari za ufundi, na orodha ikakua: Tanga, Mtwara, Iyunga, Musoma, Bwiru. Hizi ndizo karakana za shule zilizodumu kuliko zote nchini, nami nadhani sababu ni ya kawaida kabisa. Zilijengwa kama karakana tangu siku ya kwanza. Sakafu ya zege iliyotiwa nguvu kubeba mashine, meza nzito zenye jiliwa pande zote, stoo yenye kitabu cha kuazima, na walimu waliofundishwa ufundi kabla ya kufundishwa ualimu.

Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye karakana ya shule anaweza asielewe kwa nini haya ni muhimu, kwa hiyo tutazame somo moja tu: kiungo cha ulimi na tundu, kile kinachoshika mguu wa meza kwenye mhimili wake. Mwanafunzi anapiga randa ubao hadi uso mmoja unyooke, anautazama kwa kuunyanyua dhidi ya mwanga, anapima kwa kigwanya kama pembe ni mraba. Anachora ulimi kwenye ubao mmoja na tundu kwenye mwingine. Kisha anakata ulimi kwa msumeno nje kidogo ya mstari, maana mbao iliyokatwa ndani ya mstari hairudi, na anatoboa tundu kwa patasi na nyundo ya mti, kidogo kidogo kutoka pande zote mbili ili mbao isipasuke. Ulimi ukiingia kwa kulegea, kazi imekufa. Ukiingia kwa nguvu sana, tundu linapasuka. Kipindi cha sekondari ni dakika 40, mara nyingi viwili kwa mfululizo, yaani dakika 80. Ndani ya muda huo, mwanafunzi wa kidato cha kwanza huharibu vipande viwili au vitatu, na lazima aviharibu, ndiyo njia pekee ambayo mkono hujifunza. Maana yake shule inahitaji mbao za kuharibiwa. Hakuna bajeti ya elimu niliyowahi kuiona inayotaja jambo hilo kwa uwazi.

Mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Hasira za Oktoba iliyotangulia zilikuwa bado mbichi: wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, naye akawarudisha makwao karibu 400. Waraka ule ulisema ukweli ambao hakuna aliyekuwa akiusema, kwamba shule ya msingi ilikuwa ikiandaa watoto wote kwa ajili ya sekondari ambayo ingepokea 13 tu katika kila 100, na wengine waliobaki walionekana wameshindwa. Akataka shule iwe pia shamba, wanafunzi wazalishe, wapange, wajadili matokeo.

Ulikuwa waraka bora kuliko utekelezaji wake, na sidhani kuna atakayebisha. Ulizungumzia shamba zaidi kuliko karakana, na shamba lilikuwa rahisi kuanzisha, jembe na panga vinatosha. Walimu wakuu wengi waliokuwa na shinikizo la kuonyesha uzalishaji waliwapeleka watoto kulima bila somo lolote ndani yake. Na mwanafunzi aliyechelewa namba alipewa adhabu ya kufyeka majani. Shule iliyosema asubuhi kwamba kazi ni utu, mchana ikaitumia kama fimbo. Mtoto alielewa somo lipi ni la kweli.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sekondari zikagawanywa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, na sayansikimu. Hii ya mwisho ilikwenda zaidi kwa wasichana, wakijifunza kukata sare, kushona kwa cherehani, kupanga chakula cha wiki kwa fedha zilizopo. Wengine waliishi kwa cherehani hiyo maisha yao yote, ingawa karibu hakuna aliyewauliza kama walipendelea uchomeleaji. Wavulana nao hawakuulizwa kama wangependa kujua kupika. Kisha ukaja mgogoro wa uchumi wa mwishoni mwa miaka ya 1970, vita vya Kagera, uhaba wa fedha za kigeni. Msumeno ukivunjika meno hakukuwa na mwingine. Mashine zikafunikwa turubai.

Mwaka 1985 watafiti wawili, George Psacharopoulos na William Loxley, walichapisha kupitia Benki ya Dunia utafiti wao juu ya sekondari za michepuo za Tanzania na Colombia. Waliona kwamba kwa Tanzania, waliopita mchepuo wa ufundi hawakuwa na faida ya wazi katika ajira na kipato kuliko wenzao wa masomo ya kawaida, na shule zao ziligharimu zaidi. Miaka 20 kabla, mwaka 1965, Philip Foster aliyechunguza Ghana alikuwa amesema jambo la karibu na hilo: kijana hachagui kazi kwa sababu ya silabasi, huchagua kwa kutazama mishahara. Maneno hayo yalitumiwa na wafadhili kufunga mifuko. Mimi naona Foster alikuwa sahihi kuhusu mishahara, na waliomtumia walikosea kuhusu dawa. Kama fundi analipwa vibaya, kumnyima kijana karakana hakumlipi fundi vizuri.

Mwaka huo huo wa 1985, Kenya ilikwenda kinyume kabisa. Tume ya Mackay ya 1981, ambayo kazi yake ilikuwa kuchunguza uanzishwaji wa chuo kikuu cha pili, ilipendekeza pia mfumo wa 8-4-4, na Rais Moi akauanzisha. Watoto wa msingi wakapata sanaa na ufundi, sayansi ya nyumbani, kilimo. Sekondari zikapata useremala, ufundi chuma, ujenzi, umeme. Wazo lilikuwa kubwa, karakana zikaachiwa wazazi. Harambee zikaitishwa, mifuko ya saruji ikabebwa, na shule za maeneo yenye kahawa na chai zikapata majengo huku za kaskazini zikipata barua. Kenya nzima ya umri fulani inakumbuka wazazi waliokwenda sokoni kununua kikapu au mwiko ili mtoto awasilishe kazi ya mikono yake.

Pigo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa mtihani. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ukiacha insha ulikuwa wa kuchagua A, B, C au D. Mtoto aliulizwa kwa penseli ni kifaa gani hutumika kukatia udongo wa ufinyanzi, na aliyekariri alimshinda aliyefinyanga. Walimu, ambao shule zao zilipangwa magazetini kwa alama, walifanya lililo la busara: walifunga karakana wakafungua vitabu vya marudio. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa kwenye mtihani, na bila mtihani yakaondoka shuleni. Nje ya geti, jua kali, yaani karakana za mitaani, iliendelea kufundisha vijana kwa mtindo wa mwanagenzi, kufagia kwanza na kugusa baadaye, bila ruzuku ya yeyote.

Tanzania nayo ilipojenga sekondari za kata kuanzia 2004, wananchi walichangia madarasa na baadaye maabara. Karakana haikuwamo kwenye ramani. Ufundi ulikuwa umekabidhiwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambako mara nyingi kijana alienda baada ya kukosa nafasi kwingine. Mgawanyo wa Makerere wa miaka ya 1920 ulikuwa umerudi kwa nchi nzima.

Sasa gurudumu limezunguka tena. Kenya ilianza kujaribu mtaala wa umahiri mwaka 2017. Tanzania ilihuisha sera yake ya elimu mwaka 2023, na Januari 2024 baadhi ya shule zikaanza kidato cha kwanza cha mkondo wa amali, sambamba na mkondo wa jumla. Safari hii kuna nia ya kupima kazi yenyewe na siyo karatasi peke yake. Hilo ni jipya, na ni zuri.

Mzazi ambaye mwanao amepangiwa mkondo huo, usiulize kwanza jengo limegharimu kiasi gani. Omba uonyeshwe karakana siku ya kazi. Hesabu jiliwa na hesabu wanafunzi. Uliza mwalimu aliwahi kufanya kazi hiyo wapi kabla ya kuifundisha, muhula huu zimenunuliwa mbao au nondo kiasi gani za kujifunzia, na nani atakayepima kiungo cha mwanao siku ya mtihani. Ukikosa majibu, yapeleke maswali hayo kwenye kikao cha bodi ya shule na uyarudie muhula unaofuata. Kundi la kwanza la amali litafikia kidato cha nne mwaka 2027.